Wanaolala Mpakani

Ambohivala,
Ng'ambo ya mto Ikopa,
Antananarivo.
19 Julai, 2019

Mpendwa mdogo wangu Vololona,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi. Wewe uliyezoea joto la Reunion huenda umeisahau Julai ya kwetu. Leo asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya mabua, na ninaandika nikiwa nimejifunga shuka mbili, kikombe cha maji ya ukoko wa wali kiko karibu na mkono, zaidi kwa kupasha vidole kuliko kunywa. Goti lako linaendeleaje? Na mwanao Fanja amepata nafuu baada ya kujifungua? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi ni mzima. Macho yameanza kudai taa mchana, lakini kwa mtu aliyetumia umri wake kusahihisha chapa za wenzake katika kiwanda cha vitabu, hayo ni malipo ya haki.

Usishangae kuona anwani. Siko Antsirabe. Niko Ambohivala, kwa binamu yetu Ralaimiza, mtoto wa mjomba, katika chumba kile cha mashariki ulichokuwa ukilala tulipokuja kumsaidia mama kuvuna. Nilikuja kwa mazishi ya jirani, nikakusudia kulala siku mbili, na sasa mwezi unapita. Kilichonishika ndicho ninachotaka kukueleza. Nakuomba usome taratibu, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Nakujua.

Unakumbuka jinsi tulivyohama Ambanivary, kijiji cha baba. Mimi sijasahau hata rangi. Mpunga ulikuwa umeshachanua, malori yakaja na udongo mwekundu kutoka vilimani, yakamwaga kifusi juu ya mashuke. Kijani kikawa chekundu kwa siku chache tu, na baba alisimama ukingoni akiwa na mundu mkononi kama mtu aliyeitwa kwenye karamu akakuta milango imefungwa. Tangu siku hiyo, kila niliporudi mjini nilipita nikiangalia chini. Nilijua kwamba kila mwaka bonde linapungua, na sikutaka kuona limebaki kiasi gani.

Basi safari hii nilivuka daraja kwa miguu kwa kuwa magari yalikuwa hayasogei, nikapita mitaa ambayo zamani ilikuwa majaruba, nikipenya kati ya kuta na mabati na nguo zilizoanikwa, nikijiambia kwamba Ambohivala nayo itakuwa imeshamezwa, na mazishi haya yatafanyika kati ya gereji mbili. Kisha nikapanda lile tuta la kale. Vololona, nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunizunguka ili wapite.

Mji umekatika. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nyuma yangu nyumba zimebebana mpaka kwenye tuta lenyewe, haziachi hata nafasi ya kuegesha baiskeli. Mbele yangu hakuna hata ukuta mmoja. Ni majaruba tu, hatua baada ya hatua, maji yametulia ndani yake na mawingu yamo, bata wanaelea, wanawake wameinama wakikata mboga za majini, na kwa mbali moshi wa tanuri za matofali. Ni kama nguo iliyopindwa upindo na fundi mwenye mkono usiotetemeka. Nimesoma katika vitabu kwamba bonde hili lote lilikuwa kinamasi cha mafunjo, na kwamba babu zetu walilikausha kwa majembe na makapu ya udongo, tuta kwa tuta, kizazi baada ya kizazi, ndipo mpunga ukapatikana wa kutosha mji kuzaliwa juu ya kilima. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua tarehe. Siku ile nililiona. Mji huu ni mtoto wa wali, na hapa tu, kwenye tuta hili, mtoto ameambiwa asimle mama yake, akasikia.

Nikauliza ni nani aliyeweza kumwambia.

Mwanzo ulitoka ofisi ya mipango miji ya mkoa. Kuna afisa mmoja pale, Bi Harisoa, bado kijana, aliyechora mstari kuzunguka bonde. Mji ukitaka kukua, upande vilima vikavu vya kusini na magharibi, ambako mpunga haushiki, na ofisi ipeleke huko maji na barabara. Huku chini pabaki majaruba, kwa sababu yanalisha watu, na kwa sababu mto ukifurika yanameza maji. Unakumbuka kimbunga kile, ulipopiga simu siku nzima hukutupata? Maji yaliyokataliwa na kifusi hayakupotea. Yaliingia vyumbani mwa watu wa mitaa ya chini wakiwa wamelala.

Mstari ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Ardhini ofisi iliweka nguzo za zege. Ralaimiza anasimulia jambo hili huku akicheka, ingawa najua wakati ule hakucheka.

"Nguzo za serikali zina miguu, kaka," aliniambia. "Unalala iko kwako, unaamka imehamia kwa jirani. Asubuhi ya tatu iko ndani ya mto inaoga."

Wenye kumwaga kifusi walikuwa wakizing'oa. Wanakijiji walikwenda ofisini, Bi Harisoa akaandika barua, nguzo zikarudishwa, zikatembea tena. Ndipo kijiji kizima kikaitwa kikaoni, wanaume wakasema sana kama kawaida yao, na shemeji yetu Razanany, mke wa Ralaimiza, ambaye alikuwa anachambua mchele pembeni, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mnatafuta kitu ambacho dereva wa tipa hathubutu kukisukuma, sivyo?"

"Ndicho tunachotafuta, mama."

"Mnacho. Mmekiweka kule kilimani kinakula upepo."

Wakageuka wote kutazama juu. Kule kilimani kuna makaburi tu.

Sasa fikiria ukubwa wa jambo hilo. Wafu wetu nao hutembea, lakini kwa kualikwa, kwa filimbi na ngoma na wali wenye mafuta, na kila atolewaye kaburini hurudi mle mle akiwa amevishwa sanda mpya. Kuwahamisha moja kwa moja, kuwajengea nyumba nyingine mahali pengine, si neno la kusemwa wakati wa kuchambua mchele. Lakini lilikuwa limeshasemwa. Wakafanya dina, yale mapatano ya kijiji ambayo mtu akiyavunja hatapata wa kumzika: kila ukoo ambao shamba lake linagusa mstari utajenga kaburi lake juu ya tuta la kale, pakavu, maana hakuna anayemlaza mzazi wake miguu ikiwa majini, na kila mwaka katika majira ya baridi ukoo mmoja utawashusha watu wake. Wale matajiri wa wafu walianza, wenye wafu wachache wakafuata. Wameshajenga sita. Nimetembea kutoka la kwanza hadi la mwisho. Ni ya mawe, yamepakwa chokaa na rangi ya buluu, mazuri kuliko nyumba zao wenyewe, kama inavyopasa.

Mazuri mno, kumbe. Msimamizi mmoja wa malori, mtu wa pwani asiyejua desturi zetu, alisimama mbele ya lile la tatu akamwuliza Razanany kama linapangishwa.

"Linapangishwa," akamjibu, "ila mpangaji akiingia hatoki."

"Mkataba wa muda mrefu?"

"Mrefu, baba. Na majirani hawana kelele."

Yule mtu aliomba kuona ndani. Wanasema alipoelewa aliliacha lori pale pale na kuondoka kwa miguu, na tangu hapo madereva wake hawageuzi hata gari karibu na tuta.

Lakini kosa nililolipenda zaidi ni la Bi Harisoa mwenyewe. Ofisini kwake kila baada ya miaka kadhaa wanapata picha zilizopigwa kutoka angani, na katika picha ya mwaka jana aliona paa sita mpya, za zege, za mraba, zimejipanga juu ya mstari wake. Akaja na gari, amekasirika. Ralaimiza alimpokea uani, na haya ndiyo waliyoambiana, kama wote waliokuwapo wanavyoyarudia:

"Mzee, mlikuja kwangu mkilia kwamba mji unawala. Kumbe ni nyinyi wenyewe mnajenga?"

"Tumejenga, binti yangu. Hatukatai."

"Nyumba sita."

"Sita. Ya saba bado."

"Na wenye nyumba wana kibali?"

"Hawakutuonyesha. Twende ukawaulize."

Aliona mlango wa kwanza wa jiwe, akaelewa, kwa kuwa ni mtoto wa huku huku. Alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa jaruba na viatu vyake vya ofisini vikaingia tope. Kisha akaacha kucheka. Akatembea polepole kutoka kaburi hadi kaburi akisoma majina, na alipomaliza alisema, "Mimi nilichora kwa kalamu. Nyinyi mmechora kwa mama zenu."

Mwezi uliofuata aliusogeza mstari wa kwenye ramani kidogo, upite palipo makaburi.

Amekuja tena wiki iliyopita nikazungumza naye. Nilitaka kumpongeza, hakukubali. "Msidhani mmeshinda, mzee wangu," aliniambia. "Kila mwaka watu wanashuka mjini kutoka pande zote, na kila mmoja anahitaji pa kulala. Nisipowapa kilima chenye maji na barabara, watakuja hapa. Na hawatakuwa watu wabaya. Watakuwa wamechoka tu." Nimelikumbuka neno hilo kila siku. Mimi na wewe tulikuwa watu waliochoka, tulipotafuta chumba baada ya Ambanivary, na hatukumwuliza mwenye nyumba ukuta wake umesimama juu ya mpunga wa nani.

Sasa nafika kwenye jambo letu.

Makaburi yamejipanga, lakini kuna pengo moja. Liko kati ya la tano na la sita, mbele ya shamba la mama. Ukoo wetu ndio haujajenga. Malori yanajua, na hupita hapo hapo. Ulimi wa udongo mwekundu umeshaingia kwenye tuta letu, mrefu kama kitanda. Ralaimiza analima shamba lile kwa ajili yetu na hutupelekea mchele kila mwaka, lakini hawezi kulisemea. Wa kulisemea tumebaki mimi na wewe.

Siku moja nilikuwa pale nikiangalia maji, akaja mtu wa kampuni ya kifusi. Sikumchukia. Alikuwa na adabu, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mzee, nimeambiwa huishi hapa."

"Naishi Antsirabe."

"Na dada yako yuko ng'ambo ya bahari. Sasa shamba hili ni la nani?"

"La mama."

"Mama yuko wapi?"

Nadhani alitaka kwenda kumsalimia na kumwomba auze. Nikageukia mto. Mama yuko Ambanivary, ng'ambo ya mto, nyuma ya maghala, mahali ambapo hana jaruba, hana jirani, na hata njia hana. Yule bwana alisubiri, kisha akasema hana haraka, akaenda zake. Akiwa na adabu hivyo hivyo atarudi.

Kesho yake nilikwenda kuwaona wazazi. Siku hizi pana geti, na mlinzi aliniuliza ninamtembelea nani.

"Wazazi wangu."

"Wako zamu gani?"

"Zamu ya siku zote."

Akatafuta majina kwenye orodha ya wafanyakazi wa ghala, maskini, kwa bidii kabisa. Nilipomwonyesha kwa kidole, kule nyuma ya mapipa, alivua kofia na kunisindikiza. Jiwe la mlango wa kaburi limepasuka, Vololona. Kila lori linapopita ardhi inatetemeka, nilisikia kwenye magoti yangu. Na Razanany alikuwa amenieleza ndoto yake kabla sijakwenda. Alimwota mama. Unajua wafu wetu wakija ndotoni husema wanasikia baridi, ndipo tunajua wanataka sanda. Mama hakulalamikia baridi. Alisema, "Hapa hapalaliki."

Najua ulichosema siku tulipoondoka, baada ya kumzika baba kando ya mama, kwa kuwa nilikuwapo: wazazi wakae pale pale, wawe ushahidi kwamba tulikuwapo. Ulikuwa na haki ya kusema hivyo, na nimelishika neno lako miaka yote hii kama agizo. Lakini nimekaa mbele ya lile jiwe lililopasuka nikajiuliza, ushahidi mbele ya nani? Maghala hayasomi. Mlinzi yule ni mtu mwema, na bado aliwatafuta kwenye orodha ya zamu. Kama ni ushahidi, basi wautoe mahali ambapo kuna kesi, na kesi iko hapa.

Nakubali kwamba tukiwahamisha, Ambanivary itakuwa imekwisha. Hatutakuwa na sababu ya kuingia tena kwenye geti lile. Nimelipima jambo hilo pande zote, na linaniuma kama lilivyouma siku ya kwanza. Lakini sisi tumekwisha kuondolewa pale. Waliobaki kuondoka ni wao, na wao, tofauti na sisi, wataondoka kwa filimbi na ngoma.

Baba atanung'unika. Namsikia kabisa: mtu mzima amehamishiwa ukweni. Ralaimiza ameshaandaa jibu, kwamba shemeji hulipa pango kwa kulinda shamba.

Mnajimu ametazama siku akachagua mwezi wa Septemba, miti ya ambiaty itakapotoa maua, siku zile zile ambazo kijiji humwaga mbegu. Watu wa hapa wako tayari kuchonga mawe. Wanachosubiri ni neno lako, na dina yao haina namna ya kulipita, kwa kuwa mzazi hahamishwi mtoto mmoja akiwa amekataa. Ukisema hapana nitaliheshimu. Nitarudi Antsirabe, na bwana mwenye adabu atapata pengo lake. Ukisema ndiyo, uje. Sanda ya mama ni yako kuichagua, na mikono ya kumbeba ni yako kwanza. Goti lako si udhuru, utakaa kwenye kiti na sisi tutacheza ngoma kukuzunguka.

Jambo la mwisho. Jana Ralaimiza aliniuliza tuweke vitanda vingapi vya mawe ndani. Nikamwambia cha baba, cha mama, na viwili karibu na mlango. Hakuuliza ni vya nani. Mlango utatazama magharibi kama ilivyo desturi, yaani kwenye mpunga, na mji tutaupa mgongo. Maisha yangu yote nimekuwa nikihama mbele ya mji, kila ukifika mimi nafunga mizigo. Ningependa safari moja ufike unikute nimelala, nisiamke kuupisha.

Razanany anakusalimu na amekuwekea sufuria ya kisamvu na nyama ya nguruwe, asema itakungoja moyoni mpaka uje. Ralaimiza anakusalimu. Wanawake wa mboga za majini, wanaokukumbuka ukitumbukia jaruba na gauni la kanisani, wanakusalimu na bado wanacheka. Nisalimie Fanja na mumewe, na umbusu kichwani yule kichanga ambaye sijamwona.

Nami, kwa kuwa nimebaki mkubwa wa nyumba yetu, nimechota maji ya shamba la mama kwenye bakuli nyeupe. Nimeyanyunyiza kuelekea baharini, upande wako, nikasema yale ambayo baba alikuwa akituambia tukiondoka: uwe na afya, uwe na watu, usikose wali. Ukisikia unyevu kwenye paji la uso leo, jifute, ni mimi.

Kaka yako akupendaye, anayekungoja juu ya tuta,

Razafimahefa